Tuulize Hati, Tusiulize Lafudhi



Leo tuna neno zito kidogo, na tunawaomba radhi mapema wale watakaojiona wamo ndani yake. Tumelinyamazia kwa miezi kadhaa tukidhani litapita lenyewe. Halikupita. Kila tunapokutana baada ya Ijumaa tunalikuta linasubiri mlangoni, na sasa tumeonelea tuliseme hadharani, kwa kuwa na sisi tumo.

Mwaka jana wawili kati yetu tunaoandika hapa tulikaa kwenye kamati ya usaili ya shule moja ya waumini hapa Kampala. Shule hatuitaji. Ilikuwa ikitafuta karani wa hesabu, mshahara uliotangazwa ni shilingi 600,000 kwa mwezi. Walikuja watu saba. Wa nne alikuwa kijana wa Kongo, ana diploma ya uhasibu, na barua mbili za sifa kutoka kwa waliomwajiri zamani. Maswali ya daftari la fedha aliyajibu vizuri kuliko wote waliomtangulia, na lile la karo za wanafunzi wanaolipa kwa mafungu alilijibu vizuri kuliko hata aliyeliuliza.

Kisha mzee mmoja wa kamati akaegemea kiti, akamwuliza: "Kijana, wewe hasa ni wa wapi?"

Akajibu kwa Kiswahili cha kwao: "Mimi ni wa Bukavu, baba, lakini niko hapa Uganda tangu 2017."

Basi. Hakuna aliyeuliza swali jingine. Alipotoka tu mlango ukafungwa, mzee akasema, "Huyu hana karatasi. Tutajitia matatani bure." Wote tukatikisa vichwa. Na sisi wawili tukatikisa. Tunaliandika hili kwa aibu, kwa sababu kitambulisho chake cha mkimbizi kilikuwa kwenye mfuko wa shati muda wote ule. Tulikuja kujua baadaye. Alikuwa akingoja aulizwe.

Kama hadithi ingeishia hapo, pengine tungesema ni ujinga tu, na ujinga hutibika kwa kusoma. Lakini wiki tatu baadaye mmoja wetu aliingia kununua misumari kwenye duka la vifaa vya ujenzi la yule yule mzee. Nani yuko nyuma ya kaunta na daftari la mauzo? Kijana wa Bukavu. Analipwa 250,000. Hana mkataba, hana hati ya malipo, anafungua duka saa moja asubuhi na kulifunga usiku. Mzee alipoulizwa akacheka akasema, "Nimemsaidia tu, ustadh. Ni sadaka."

Ndugu wasomaji, tuambieni. Karatasi ambayo ilikuwa hatari shuleni kwa 600,000, kwa nini haikuwa hatari dukani kwa 250,000?

Hapo ndipo ilipo hoja yetu yote. Wengi wetu tukisema "huyu huenda hana kibali" hatuna hofu ya sheria hata kidogo. Tukiogopa sheria tungeisoma. Tunalitumia neno hilo mara mbili: mara ya kwanza kumnyima mtu kazi ya heshima, mara ya pili kumpa kazi ya nusu bei. Na katika mara zote mbili hatumwombi hati zake, kwa sababu tukiziona na zikawa sahihi, tutapoteza kisingizio.

Basi tuisome hiyo sheria. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ni ya mwaka 2006, na kanuni zake ni za 2010. Sheria yampa mkimbizi aliyetambuliwa haki ya kupata ajira. Kanuni zasema asitozwe ada wala malipo yoyote kabla ya kuanza kazi, wala ili aendelee nayo. Anayetoa kitambulisho cha mkimbizi ni Ofisi ya Waziri Mkuu, si mtaa, si msikiti, si rafiki yake. Nchi hii ilikuwa na wakimbizi zaidi ya milioni 1.7 mwaka 2025, wengi kuliko nchi yoyote ya Afrika, na bado ukimwuliza mwenye duka wa kawaida atakuambia mkimbizi haruhusiwi kufanya kazi. Nani alimwambia? Hajui. Amesikia.

Sheria ya Ajira nayo ya 2006 yakataza kumwajiri mtu ambaye mwajiri anajua kwamba yupo nchini kinyume cha sheria. Tazameni neno hilo, anajua. Haisemi anashuku, wala haisemi amesikia lafudhi. Sheria hiyo hiyo yakataza kumbagua mtu katika kazi kwa asili ya taifa lake. Kwa hiyo mwajiri asiyeuliza amekosea, na mwajiri anayemuuliza mmoja na kumwacha mwingine kwa sababu ya uso wake au jina lake naye amekosea. Njia ya katikati ni moja tu, nayo ni nyepesi mno hata tunashangaa kwa nini hatuipiti: waulizeni wote, swali moja, kwa maneno yale yale.

Tunajua mtasema, si wote wanaohitaji kuulizwa, wenyeji tunawajua. Mnawajua kweli? Hapa Uganda Wanubi wamo katika orodha ya jamii za asili iliyoandikwa kwenye Katiba yenyewe, na bado kijana wa Bombo akijitaja jina na kufungua mdomo kuna watu watamwita Msudani. Vitambulisho vya taifa vya kwanza, vile vilivyotolewa kuanzia 2014 na 2015, vilikuwa vya miaka kumi, na zoezi la kuvihuisha lilianza 2025; mtu akija na kadi iliyopita tarehe si kwamba amegeuka mgeni usiku mmoja. Halafu kuna hili la majina yetu, ambalo kila mwenye mtoto aliyewahi kuandikishwa mtihani analijua. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Abdallah, cheti cha shule Abdulla, kadi ya taifa Abudallah kwa mkono wa karani wa wilaya. Hao ni mtu mmoja! Tumeona mwombaji mwenyeji akikataliwa kwa sababu hiyo hiyo, eti karatasi zake "zina walakini". Ukimshuku mtu kwa herufi, nusu ya msikiti wako itakosa kazi.

Sasa tuelezane namna, maana kulalamika bila kuonyesha njia ni maneno ya barazani.

Swali liandikwe kwenye fomu ya maombi: je, unayo haki ya kisheria ya kufanya kazi nchini, na ukipewa kazi hii utaonyesha hati gani? Basi. Asiulizwe kabila, asiulizwe babu yake alizaliwa wapi, asiulizwe alivuka mpaka vipi. Mambo ya mpakani wengine wameacha wazazi wao huko, wamezikwa au hawajulikani walipo, na chumba cha usaili si mahali pa kumtonesha mtu kidonda. Kisha mchagueni aliyeshinda kwa kazi. Mkishamchagua, mpeni barua inayosema kazi ni yako kwa sharti uonyeshe hati kabla ya siku ya kuanza. Ile hati ya asili mnaitazama mbele yake, mnatoa nakala, mnamrudishia papo hapo. Narudia neno la mwenzetu mmoja ambaye alikuwa mkali sana tulipokuwa tukiandaa makala hii: papo hapo. Tarehe ya mwisho wa hati iandikwe kwenye kalenda ya ofisi, miezi mitatu kabla haijafika akumbushwe.

Hati yenyewe inategemea ni nani. Mwananchi ana kitambulisho cha taifa au pasi. Mkimbizi aliyetambuliwa ana kitambulisho cha mkimbizi. Mwenye barua ya kuomba hifadhi ambayo haijaamuliwa, hali yake ni nyingine, na hapo msibuni. Ulizeni Ofisi ya Waziri Mkuu. Mgeni mwingine aliyeajiriwa anahitaji kibali cha kazi kutoka idara ya uhamiaji, na mara nyingi mwajiri ndiye mwenye kubeba mzigo wa kuandika barua na kupeleka mkataba. Kwa ndugu zetu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika Julai 2010 inazungumzia uhuru wa wafanyakazi kuvuka mipaka, lakini isomwe mpaka mwisho. Si kila kazi imo, kila nchi ilitaja fani zake. Na hata aliyemo, mkataba wake ukizidi siku 90 lazima aombe kibali, tena ndani ya siku 15 za kazi tangu mkataba uandikwe. Kongo ilijiunga na Jumuiya 2022, Somalia 2024. Kujiunga kwa nchi hakumpi mtu kibali mfukoni.

Ikiwa hati mnaitilia shaka, msiigeuze geuze kwenye mwanga kama wauza dhahabu. Hamna ujuzi huo. Mwandikieni aliyeitoa. Na Kampala hii tunao Refugee Law Project wa Chuo Kikuu cha Makerere, ulioanza 1999, wanaojua mambo ya hati za wakimbizi kuliko kamati zetu zote zikikusanywa pamoja.

Na ikiwa kweli hana? Hapa ndipo penye mtihani, na hapa hatutaki kupendezesha maneno. Kama hana haki ya kufanya kazi, msimwajiri. Hatuandiki haya ili kuwaambia waumini wavunje sheria ya nchi wanamoishi kwa amani. Lakini mwambieni yeye mwenyewe, kwa mdomo wenu, mkiwa mmekaa: tumeipenda kazi yako, kinachokosekana ni hati hii, inapatikana ofisi ile, ukiipata ndani ya siku kadhaa nafasi bado ni yako. Kama ni mtu wa kuombewa kibali, na kazi ni ya kuendelea, mwombeeni. Kama hamuwezi, mwambieni hamuwezi. Kumwacha mtu akipiga simu kila Jumatatu na kuambiwa "bado tunazungumza" ni uongo.

Ziko njia tatu ambazo watu wetu wanazipita badala ya hiyo, na zote tatu tumeziona kwa macho.

Kuna anayemshitaki. Amefanya naye kazi miezi mitano, ujira umelimbikizana, kijana anadai, na siku hiyo ndiyo mwajiri anakumbuka kwamba huyu hana kibali na polisi wapo. Miezi mitano hakukumbuka! Huyu hatuna la kumwambia zaidi ya kwamba ujira wa kazi iliyokwisha kufanywa ni deni, awe mwenye deni ana karatasi au hana, na deni la mtu halifutwi kwa kumtisha mwenyewe.

Kuna mwenye huruma ya haraka. Huyu ni mtu mwema, ndiyo maana madhara yake ni makubwa. Anasema, tumtafutie barua ya mwenyekiti wa mtaa, aandikwe ni mtu wa Kasese au Kisoro, apate kadi ya taifa, yaishe. Hayaishi. Mkimbizi akijiandikisha uraia kwa uongo ametenda kosa, na ulinzi aliokuwa nao kwa haki ameuweka rehani kwa kadi ya wizi. Alama za vidole hazisahau. Waulizeni ndugu zetu wa Garissa na Dadaab huko Kenya, ambako mambo yalikwenda kinyume: wakati wa njaa, familia za Wakenya zilijiandikisha kambini ili zipate mgao wa chakula, watoto wakaandikwa pamoja na wazazi. Watoto wale walipofika miaka 18 na kwenda kuchukua kitambulisho, kompyuta ikasema ninyi ni wakimbizi. Maelfu walikaa miaka mingi bila kitambulisho, bila kazi rasmi, bila akaunti ya benki, katika nchi waliyozaliwa. Gunia la unga lilikuwa limekwisha zamani.

Na kuna wa tatu, mzee wetu wa duka. Huyu ndiye wengi, na huyu anaitwa mfadhili.

Sikilizeni, wazee wetu. Uganda haina kima cha chini cha mshahara chenye maana. Kile kilichowekwa 1984 ni shilingi 6,000 kwa mwezi, hakinunui hata kilo moja ya nyama leo. Kwa hiyo anayemlipa kijana 250,000 kwa kazi ya 600,000 hakuna askari atakayemkamata kwa sababu ya kiasi hicho. Anajua hivyo. Lakini asiiite sadaka. Sadaka unatoa wewe, na hapa anayetoa ni kijana: anakutolea 350,000 kila mwezi, na mwisho wa mwaka umepokea kutoka kwa mkimbizi shilingi 4,200,000. Sheria ya Ajira inakutaka umpe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi ndani ya wiki 12. Sisi tumeagizwa kuandikiana hata deni dogo, na hili hatuliandiki, kwa sababu tukiliandika tutaliona.

Tunajua jibu linalokuja, maana tumelisikia kwa wanafunzi wenyewe: watoto wa hapa hawana kazi, nyinyi mnawatetea wageni. Hilo si jambo la kudharau. Wapo wasomaji wetu waliomaliza Makerere na Mbale miaka miwili iliyopita na bado wanakaa kwa wazazi. Lakini fikirini, vijana. Aliyewanyang'anya kazi ya dukani siye yule kijana wa Bukavu. Ni yule aliyegundua kwamba anaweza kuipata kazi yenu kwa 250,000. Siku kijana yule atakapolipwa sawa na nyinyi, ndipo mtashindana kwa ujuzi. Lakini maadamu yupo mtu wa kulipwa nusu, hakuna mwajiri atakayewaita nyinyi kwa kamili.

Na jambo jingine, tuliseme ingawa linauma. Ni familia ngapi humu zina binti au kijana Oman, Saudia, Dubai? Tukipigiwa simu usiku kwamba bosi ameshika pasi yake, hajamlipa miezi minne, anamwambia ukitoka nje nitakuripoti, tunalia, tunachanga, tunapiga simu redioni. Ni haki yetu kulia. Sasa yule dada wa Kirundi anayefua nguo nyumbani kwako Mengo, kitambulisho chake kiko wapi? Kiko kwenye kabati lako, "asije akapotea nacho". Mama Hajat, mrudishie leo.

Kwa wasomaji walio ng'ambo, neno fupi tu, maana kila nchi ina kanuni zake na msichukue za Kampala mkazitumie kwenu. Kenya ina Sheria ya Wakimbizi ya 2021 iliyoanza kazi Februari 2022, nayo yatambua haki ya mkimbizi kufanya kazi, ila kibali kipo, cha daraja la M, na lazima kiombwe. Huko pia, msimkatae kijana wa Kisomali au wa Kinubi wa Kibra kwa kuwa kitambulisho chake kimechelewa: ule usaili wa ziada waliokuwa wakiwekewa watu wa kaunti za mpakani kaskazini uliondolewa kwa tangazo la Rais mnamo Februari 2025, na wengi ndiyo kwanza wanapata kadi. Tanzania sheria ni ya 2015 na ni kali zaidi. Mgeni anahitaji karatasi mbili, kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi na kibali cha ukaazi kutoka Uhamiaji, na moja peke yake haitoshi.

Tumerudi kwa yule mzee, watu watatu, baada ya Isha. Alikasirika. Alisema tumemvunjia heshima mbele ya mkewe, na pengine ni kweli, tungemwita pembeni. Tulimwonyesha hesabu ile ya 4,200,000 kwenye karatasi. Aliitazama muda mrefu, kisha akaikunja akaitia mfukoni, hakusema kitu. Wiki iliyofuata alimlipa kijana tofauti ya miezi miwili. Ya mwezi wa tatu anasema atatoa akiuza saruji aliyonayo ghalani. Tunangoja saruji.

Kamati ya shule nayo imekubali kubadilisha fomu. Swali la hati sasa liko ukurasa wa pili, kwa kila mwombaji, mwenyeji na mgeni. Nafasi ya karani wa hesabu imekuwa wazi tena, maana yule tuliyemchagua siku ile aliondoka baada ya muhula mmoja, na usaili ni Januari. Kijana wa Bukavu amekuja kuchukua fomu. Aliuliza kama nakala ya kitambulisho aiambatishe sasa hivi au angoje aulizwe. Tulimwambia angoje kama wenzake.

Wassalaam alaykum.